Kabla hujafungua hedi mara ya tatu

Msomaji wa Masasi ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Nina Probox ya mwaka 2005, injini 1NZ. Ndani ya mwaka mmoja gasketi ya hedi imebadilishwa mara mbili, na mafundi wawili tofauti, na bado gari linakula maji na linachemsha nikipanda Newala. Fedha ya korosho imeingia, nimeamua kununua vifaa nifungue injini mwenyewe. Dukani nimeonyeshwa sanduku la vipande 216, muuzaji anasema lina kila kitu. Ninunue hilo, au kuna vifaa maalumu vya kuaminika zaidi?"

Marahaba, mdogo wangu. Sanduku hilo liache dukani.

Sisemi ni baya. Lakini lifungue mbele ya muuzaji uhesabu mwenyewe. Injini yako karibu yote imefungwa kwa bolti na nati za milimita 10, 12 na 14. Za 17 na 19 ni chache, na 21 ni ya nati za magurudumu. Ukizitoa hizo utabaki na soketi za inchi ambazo gari lako halizijui, na 11, 13 na 15 utakazozigusa mara moja kwa mwaka, na biti ndogondogo za bisibisi zilizojazwa mpaka idadi itimie. Katika vipande vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachopima. Mafundi wako wawili hawakukosa spana. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake), ikifa mara mbili ndani ya mwaka, kwenye injini ambayo gasketi yake hudumu miaka, mara nyingi ni kwa sababu kuna kitu kilichotakiwa kupimwa na hakikupimwa: uso wa hedi, uso wa bloku, au ukazaji wa bolti. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye vifaa vinavyopima. Vya kufungulia vifuate.

Wewe ni mkulima wa korosho, kangomba unaijua. Mtu anakuja shambani na chombo chake, anajaza, anakwambia hicho ndicho kipimo. Kwa macho unaona kimezidi, lakini huna mizani ya kumbishia. Kukaza bolti za hedi kwa kuhisi mkononi ni kangomba ileile. Kila fundi ana mkono wake, asubuhi una nguvu, jioni umechoka, na anayepunjwa ni gasketi.

Injini ya 1NZ-FE ina bolti 10 za hedi. Toyota inataka zikazwe kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka Nm 29 (Nm, nyutonmita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha kila moja izungushwe digrii 90, na baadaye digrii 90 nyingine. Robo hizo mbili za mwisho huivuta bolti ikarefuka kidogo sana, ikabaki inabana kama mpira uliovutwa. Kama mwanzo haukuwa sawa, moja ikaanzia 20 na jirani yake 45, robo zinazofuata zinajengwa juu ya msingi uliopinda na hedi inabanwa upande mmoja kuliko mwingine. Digrii zenyewe hazihitaji kifaa cha kununua. Tia nukta ya rangi kwenye kila bolti, zote zikielekea mbele ya injini. Baada ya robo ya kwanza zote zitakuwa zimeelekea pembeni, baada ya robo ya pili zote zitaelekea nyuma. Ile Nm 29 ndiyo inayohitaji spana ya torki, ile inayobofya ikifika kwenye kipimo ulichoipangia.

Hapa ndipo wengi hununua vibaya, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Spana ya torki utakayoonyeshwa katika maduka mengi ni ya mraba (ile ncha inayoingia kwenye soketi) wa nusu inchi, yenye kipimo cha Nm 28 mpaka 210. Muuzaji atakuelekeza kwa kidole kwamba 29 imo. Ni kweli imechorwa, lakini spana za kubofya huaminika kuanzia kama asilimia 20 ya kipimo chake cha juu, na asilimia 20 ya 210 ni 42. Chini ya hapo springi iliyo ndani bado imelegea na mlio wake haueleweki. Hiyo inafaa nati za magurudumu, Nm 103, na bolti ya puli ya kranki, Nm 128. Kwa hedi tafuta ya mraba wa 3/8 inayoishia kwenye 100 au 110. Halafu kuna bolti ndogo, na ndizo zinazokatika zaidi: vifuniko vya kamshafti (shafti inayofungua valvu) vya 1NZ vingi ni Nm 13, plagi ni 18. Kwa hizo ipo spana fupi ya Nm 5 mpaka 25. Ukiweza kununua mbili tu, nunua ya 3/8 na hiyo fupi, ile kubwa uazime siku moja.

Angalia pia kipimo kilichochorwa. Nyingi zina mistari miwili, Nm upande mmoja na futi-pauni upande wa pili. Ukiweka 29 kwenye mstari wa futi-pauni umekaza Nm 39, na hutajua mpaka gari lichemshe.

Suala hili la bolti ndogo lilinigharimu. Miaka mingi iliyopita, hapa Mtwara mjini, nilikuwa nafunga vifuniko vya kamshafti kwa spana kubwa ya torki niliyoinunua kwenye duka moja. Niliishusha mpaka chini kabisa nikaanza kukaza huku nasubiri mlio. Mlio haukuja. Bolti ililegea ghafla mkononi, nikajua meno ya aluminiamu yamechunika ndani ya hedi. Gari halikuwa langu. Nilimlipa mwenye gari, na tangu siku hiyo sijatumia spana ya torki ambayo sijaijaribu kwa mikono yangu, hata iwe imetoka kiwanda gani.

Kuijaribu si kazi ngumu. Unahitaji jiliwa, yaani vaisi iliyopo kwa fundi yeyote wa kuchomea vyuma, ndoo ndogo, kamba, tepu na maji. Bana ule mraba wa spana kwenye jiliwa ili mpini ulale sawa na ardhi, uwe huru kushuka kwa upande wa kukaza. Pima sentimita 30 kutoka katikati ya mraba kwenda kwenye mpini, tia alama, ning'iniza ndoo tupu hapo. Pangia spana Nm 29. Mimina maji kikombe kwa kikombe, polepole, bila kuitikisa, mpaka ibofye. Shusha ndoo, uipeleke dukani kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, uipime pamoja na maji na kamba yake. Kilo 10 kwenye sentimita 30 ni Nm 29 na ushee, lakini mpini wenyewe una uzito unaochangia kama Nm 1, kwa hiyo spana nzima ya namna hii itabofya ndoo ikiwa na kilo 9 na nusu hivi. Ikibofya kati ya 9 na 10, ichukue. Ikibofya kwenye 7 au ikakataa mpaka 12, irudishe.

Rudia mara tatu. Ikibofya 9.4, 9.6, 9.5, hiyo ni spana ya kuishi nayo. Ikileta 8, 11 na 9, haifai, hata kama wastani wake unapendeza. Kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, kinaruhusu ipotoke asilimia 4 kwa zile za zaidi ya Nm 10, na kinataka ipimwe upya kila baada ya miezi 12 au mibofyo 5,000. Wewe utaipima kwa ndoo yako kila msimu, inatosha.

Ukishaipata, usiitumie kulegeza bolti. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, usiivuke. Na usiioshe kwa petroli au mafuta ya taa pamoja na spana nyingine kama tulivyozoea, maana grisi iliyo ndani ndiyo inayoifanya ibofye sawa. Kwetu huku pwani, Shangani na Mikindani, chumvi ya hewani inakula chuma kilicholala wazi, kwa hiyo mimi hufuta kila kitu kwa kitambaa chenye oili kidogo kabla ya kufunga sanduku. Masasi adui wako mkubwa ni vumbi. Iviringishe kwenye kitambaa.

Sasa tuache kukaza, turudi kwenye swali ambalo ilipasa lijibiwe kabla ya gasketi ya kwanza: je, kweli ni gasketi? Gari linaweza kula maji kwa sababu ya rejeta, mpira, pampu ya maji, mfuniko wa rejeta uliochoka, au ufa kwenye hedi. Kuna vifaa vitatu vinavyokujibu bila kufungua hata bolti moja ya hedi, na ningekuwa wewe ningevitafuta hivi kabla ya vingine vyote.

Cha kwanza ni pampu ya kupima presha ya rejeta. Unaifunga mahali pa mfuniko injini ikiwa imepoa kabisa, unapampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, usiipite, kisha unasubiri. Sindano ikishuka, maji yanatoka mahali, na mara nyingi utayaona kwa macho. Magari ya Japani ya ukubwa huu yana mdomo mdogo wa rejeta, na seti nyingi zina adapta nyingi ambazo hazikai, kwa hiyo nenda dukani na mfuniko wako mfukoni. Kabla ya kulipa, zibeni mdomo wa pampu yenyewe, mpampu, msubiri dakika kumi. Pampu inayovuja yenyewe itakufanya ufungue injini nzima bure.

Cha pili ni chupa ya majimaji ya bluu. Unashusha maji ya rejeta kidogo, injini ikinguruma unavuta hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye yale ya bluu. Yakigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na hapo ama gasketi ama ufa. Majimaji haya huchakaa, na ya zamani hayabadiliki rangi hata kwenye injini iliyokufa, kwa hiyo yajaribu kwanza kwenye ekzosi ya gari zima la petroli: lazima yageuke.

Cha tatu ni geji ya kampresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nunua yenye mpira wa kufunga kwa kuzungusha kwenye tundu la plagi, si ile ya kubonyeza kwa mkono, na hakikisha uzi wake unaingia mahali pa plagi yako, milimita 14. Injini iwe ya moto, toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na za nozeli, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, piga stata. Kwa 1NZ nzima kipimo ni kPa 1,471, yaani kama psi 213. Ikishuka chini ya kPa 1,079, kama psi 156, silinda hiyo ina tatizo, na tofauti ya silinda moja na nyingine isizidi kPa 98, kama psi 14. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja huku nyingine nzima, ishuku gasketi kati yake. Geji nzuri hushika: ukiacha stata, sindano inabaki pale ilipofika mpaka ubonyeze kitufe cha kuachia. Ikiteremka yenyewe, kivalvu kilicho mwisho wa mpira kinavuja. Na usimwazime jirani mwenye Hilux ya dizeli, kwa sababu dizeli hupita psi 400 na geji ya petroli mara nyingi huishia 300. Itarudi imekufa.

Tuseme vipimo vimesema ni gasketi kweli, na hedi imeshuka. Hapa unahitaji rula nyoofu ya chuma na fila geji, yaani nyembe nyembamba za kupimia upenyo. Unailaza rula juu ya uso uliosafishwa, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na unajaribu kupitisha chini yake ule wembe wa milimita 0.05. Ukipita, hedi imepinda kupita kiasi. Fanya hivyohivyo kwenye bloku, na nakusihi usiliruke hili, kwani hedi hupelekwa kupigwa fesi, yaani kukwanguliwa kwa mashine uso uwe bapa, na kurudi inang'aa, ikafungwa juu ya bloku ambayo hakuna aliyeitazama. Nisingeshangaa ugonjwa wa gari lako ukiwa umelala hapo.

Rula ya seremala haifai. Hata rula inayouzwa kwa jina la ufundi ijaribu: omba mbili za aina moja, zisimamishe makali kwa makali mbele ya mwanga wa mlango, kisha geuza moja kichwa kwa mkia. Mwanga usipite mahali popote, kabla na baada ya kugeuza. Jicho la binadamu linaona mwanga kwenye upenyo mwembamba kuliko unywele. Fila geji haina mengi, ila chagua isiyo na kutu wala mikunjo, na hakikisha ina 0.05. Itakusaidia tena kupima nafasi za valvu baada ya hedi kurudi, kwani kwa injini yako zikiwa baridi ni 0.15 mpaka 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 mpaka 0.35 upande wa kutoa.

Vya kufungulia sasa. Bolti za hedi ya 1NZ hazina kichwa cha kawaida cha pembe sita, zinataka biti ya meno 12. Ukilazimisha alenki au biti ya nyota inayokaribiana nayo, utaviringa kichwa na bolti itabaki humo. Nenda na bolti moja ya zamani dukani. Biti iingie bila kulazimishwa, ifike chini kabisa, na isicheze. Soketi zako ziwe za pembe sita, si kumi na mbili, maana hushika ubavu wa nati badala ya kona. Nunua moja moja: 10, 12, 14, 17, 19, fupi na ndefu, na ndefu ya 16 ya plagi yenye mpira ndani. Maandishi ya CR-V (chuma cha kromu na vanadiamu) yasikutulize, kwa sababu kugonga herufi kwenye chuma hakuhitaji chuma kizuri.  Tazama mdomo wa soketi kwa mbele, unene uwe sawa kuzunguka.

Kwa spana na soketi mimi napenda mtumba wa Japani kuliko kipya nisichokijua. KTC, Tone na Ko-ken ni viwanda vya Japani vya siku nyingi, na soketi iliyotumika miaka ishirini bila kupanuka imeshajaribiwa na wenzako. Majina hayo nayo huigwa, kwa hiyo mdomo wa soketi utazame kulekule. Lakini spana ya torki usinunue mtumba, labda muuzaji akubali ndoo yako ya maji.

Puli ya kranki inahitaji kifaa cha kuishikilia isizunguke, kwa sababu bolti yake ngumu lazima itoke ndipo ufike kwenye kifuniko cha cheni. Hiki usikinunue. Puli ina matundu mawili yenye uzi, hivyo fundi wa kuchomea wa hapo Masasi atakukatia chuma bapa cha mkono mmoja na nusu, atoboe matundu mawili yaendane na hayo na nafasi ya soketi katikati. Ile njia ya kuegemeza mpini chini na kupiga stata sikubali aitumie mtu yeyote karibu yangu. Kifaa cha kusoma kodi za hitilafu za gari kinachounganishwa na simu kinafaa kutazama joto la maji unapopanda mlima, lakini magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo yana soketi inayolingana huku kompyuta yake ikikataa kuzungumza na visomaji vya bei ndogo. Kijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa, au kiache.

Kupiga fesi na kupima ufa wa hedi kwa presha ya maji ni kazi ya karakana yenye mashine. Ipeleke, uiombe ipime ufa kabla ya kukwangua, na ikirudi ipime tena kwa rula yako. Gasketi iwe mpya, na kwa hali ya gari lako bolti 10 nazo ziwe mpya, maana hizo zimeshavutwa zaidi ya mara moja.

Vingi vya vifaa hivi utaagiza Kariakoo, kwa basi. Hapo ndipo watu wa Kusini tunapoumia, kwa sababu kurudisha kitu kibovu ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, mizigo ikalala njiani. Kwa hiyo mwambie muuzaji afanye majaribio haya kwa video kabla ya kufunga mzigo: pampu iliyozibwa dakika kumi, rula mbili kwenye mwanga, mdomo wa soketi kwa mbele. Kubalianeni kwa maandishi kwamba spana ya torki itarudishwa ikifeli kwa ndoo, na udai risiti ya EFD. Anayekataa yote hayo, tafuta mwingine.

Anza na vile vitatu vya uchunguzi, vingine visubiri. Pima kampresheni asubuhi moja, andika namba nne kwa mpangilio wa silinda, kuanzia upande wa mkanda, na useme majimaji ya bluu yaligeuka au hayakugeuka. Niletee hizo kabla hujagusa bolti ya hedi, nikuambie kama kuna haja ya kuifungua.